Kidato Kilichotoka Majini

Mabomba yakikauka hapa mtaani Glenwood, mimi hushuka na ndoo hadi kwenye tangi la chini ya jengo letu. Harufu ya ukoga wa ngazi zile hunifanya nishike ukuta.

Nilipokuwa mtoto, kisima cha kijijini kwetu kilikuwa kimechongwa mwambani, na tulikishukia kwa vidato vya mawe. Kila kiangazi maji yalipungua, vidato vikaongezeka. Sakafu ikionekana, walisema wakubwa, tutahama.

Mwaka ule kilitokea kidato cheusi, chenye utelezi.

"Bibi, tumepata kipya!" Nilicheka, na sikupaswa kucheka, nikakikanyaga.

Alinivuta shati. "Toka hapo, we mtoto! Hicho hata mama yangu hakukiona."

Tulipofika nyumbani hakuniosha miguu kama siku zote; maji yalikuwa ya kunywa tu. Nililala na ukoga umenikaukia vidoleni.