Nyanya za Mama na Injini ya Mahindi

Wiki moja ya masika haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakuita hivyo ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Yaliyonipata wiki ile yalinizeesha kidogo.

Injini ya boti yetu ya mbao ilikuwa imekufa. Mto ulikuwa umejaa, na ng'ambo, kwenye shamba letu la Mvumi, nyanya za mama zilikuwa zinaiva zote kwa pamoja. Gari la mnunuzi lingefika Ijumaa. Zisipovuka siku hiyo zingeozea shambani, na msimu wa mama ungeishia hapo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nina swali kwa kila kitu. Mzee Mloka, fundi wa Magomeni ya huku kwetu, si ile ya Dar, aliniambia nifungue kile kipande cha chuma kinachounganisha shafti ya injini na ya pangaboi linalosukuma boti, niende nacho dukani Morogoro kununua injini nyingine.

"Usinunue kwa jina," alisema. "Nunua kwa kipande."

Nikamwuliza kwa nini nibebe chuma chenye grisi wakati simu ipo. Nikaagiza kwa simu injini ya aina ileile, nguvu ileile, na Jumatano ikafika na basi.

Kipande kiligoma kuingia. Shafti ya injini ile mpya ilikuwa na nyuzi kama za skrubu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya pampu ya maji. Ya zamani ilikuwa laini, yenye mfereji mmoja ubavuni. Mama alitazama, kisha akaenda kufungia kuku ambao hata hawakuwa wamefunguliwa.

Nikarudi Magomeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chuoni hawafundishi kupima tundu?"

"Wanafundisha, Mzee. Siku hiyo sikuhudhuria."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema inayofaa ingetoka Dar, na isingefika kabla ya Jumamosi. Hapo ndipo maswali yangu yalipopata kazi. Nikamwuliza: lazima iwe ya boti? Ni mashine gani nyingine yenye shafti laini?

Alijikuna kidevu. "Zinazozungusha mkanda. Kama zile za kupukuchulia mahindi."

Na nani anapukuchua mahindi masika?

Alhamisi nilikuwa Rudewa, kipande mfukoni. Bwana Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukuma, alifunua turubai juu ya mashine yake na kuvua mkanda. Nikapachika kipande kwenye shafti ya injini yake. Kikateleza hadi mwisho.

"Ichukue," alisema. "Ila mimi na mke wangu tutavuka bure mpaka mahindi yakauke."

Ijumaa injini iliwaka botini kwa mvuto wa pili wa kamba. Tulivuka mara sita. Safari ya mwisho mama alikaa juu ya matenga, kanga kiunoni, akimpungia mkono dereva wa lori utadhani boti yote ni yake. Mzee Mloka alisimama ukingoni, akajifanya anakagua kamba. Niliona meno yake yote.

Uliza kila kitu, mwanangu, mimi sijaacha. Lakini swali likihusu chuma, kishike chuma hicho mkononi kwanza. Na mzee akikuambia ubebe kitu, kibebe, ubishane naye njiani.

Mungu akujalie vidole vyenye grisi na mdomo usiochoka kuuliza, na kila unachokiunga kishike.