Mwaka Uliobaki Ukutani

Baada ya Wahindi kufukuzwa nchini na serikali, maduka ya mtaa wetu hapa Kisenyi yaligawiwa wamiliki wapya, wale tuliowaita mafutamingi, na kila mmoja wao alimwita fundi mwashi yule yule aje kutoa jina la zamani. Majina yalikuwa ya saruji, yameinuka juu kabisa ukutani, na chini ya kila jina mwaka wa ujenzi. Nami, kwenye cherehani yangu barazani ng'ambo ya barabara, sikuchoka kumtazama. Kabla ya kugonga, aliipapasa kila herufi kwa kiganja, kama mama apimaye homa ya mtoto. Kisha patasi, taratibu, vumbi likimjaa kwenye nyusi. Jina likiisha, alishuka. Mwaka hakuugusa, na mimi nilikuwa na hamu kubwa ya kujua kwa nini.

Siku moja sajini aliyepewa duka la vitambaa alisimama chini ya ngazi, mkono kwenye bastola. "Fundi! Hata ile namba, toa!"

Fundi alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Afande, jina ilikuwa ya Mhindi, nimetoa. Mwaka ni yangu. Mimi ndiyo nilijenga hii nyumba, na ile, na ile." Kidole chake kilikwenda mpaka mwisho wa mtaa.

Sajini alikifuata kwa macho. Polepole mkono ukaiacha bastola, ukagonga ukuta. "Iko na nguvu?"

"Hata yule Mhindi aliniuliza hivyo, siku ya kuingia," fundi akasema, akabeba ngazi yake.