Viatu Vyangu Vimepita Getini Bila Mimi

Leo asubuhi viatu vyangu vya kukimbilia vimepita mbele ya geti letu hapa Moshono. Mimi sikuwemo.

Nilimpa Neema, tuliyekuwa tunakimbia naye timu moja, baada ya daktari kukuta msuli wa moyo wangu umekuwa mnene na kunikataza mazoezi.

Basi nikasikia vishindo vya timu vinakuja. Nikatoka na kikombe changu cha chai niwashangilie. Na mimi niwe shabiki, si ndiyo?

Wakaniona.

Jamani, wote wakaacha kukimbia! Wakatembea polepole, kama watu wanaopita penye msiba.

"Pole, dada," Neema akasema, macho chini. Viatu vimejaa vumbi. Vimemkaa vizuri, kusema kweli.

"Pole ya nini? Kimbieni bwana!"

Wakacheka kidogo. Hakuna aliyekimbia.

Nikawaaga, nikafunga geti.

Hapo ndipo nikasikia vishindo vinaanza tena.

Wanatimu, najua mnasoma hapa. Kesho piteni mbio. Kama mnashindwa kukimbia nikiwa nimesimama pale, semeni tu. Nitakuwa nawasikilizia ndani.