Vitofali vya Kiberiti

Mpwa wangu alipofariki aliacha magauni mawili, sweta lililofumuka mkono mmoja, na rundo la vitofali chini ya upenu wa nyumba. Nguo zilijulikana zitakwenda wapi. Wakati ule watu walijipanga kwenye duka la ushirika tangu alfajiri na kurudi na kipande kimoja cha khanga, wakiwa na bahati, kwa hiyo hakuna gauni la mtoto ambalo lingekosa wa kulivaa. Vitofali ndivyo ambavyo hakuna mtu aliyeviulizia.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nikawa nakaa kwa dada yangu huko Bagara, nikisubiri barua ya kupangiwa kazi. Basi la Arusha likipita nilifikiri barua imo. Likishapita nilifikiri imepotea njiani, na nikilala nilifikiri labda jina langu halikuandikwa kabisa. Aliyenicheka waziwazi ni mpwa wangu, mtoto wa darasa la kwanza, mtoto pekee wa dada. Siku moja alinionyesha ramani ya nyumba aliyoichora mavumbini kwa kijiti.

"Hapa jiko. Hapa mama na baba. Hiki ni chumba chako, mjomba."

"Mbona kikubwa hivyo?"

"Si cha kusubiria barua?"

Vitofali vilikuwa vya kujengea nyumba hiyo. Yeye na rafiki yake, binti wa jirani, waliwahi kuwatazama mafundi wakifyatua matofali mtoni, wakaiga. Kalibu yao ilikuwa droo ya kiberiti, ya ubao mwembamba, waliyoitoboa tundu chini. Unajaza udongo uliokandwa, unasawazisha, kisha unasukuma kwa kidole gumba kutoka chini mpaka kitofali kitoke. Vichache walivichoma jikoni kwa dada vikawa vyekundu. Vingine vilibaki vibichi, vikisubiri siku nitakayowajengea tanuru. Niliwaahidi tanuru hilo, na walikuwa wakinikumbusha kila siku nikirudi posta.

Ilikuwa surua. Kituo cha afya tuliandikiwa dawa ambayo haikuwepo, wala hatukuipata dukani. Shemeji, aliyekuwa kambini kwenye ujenzi wa barabara mbali kusini, alikuta tumekwisha kuzika. Alikaa siku chache, akarudi kazini.

Baada ya hapo kukawa kimya. Ukoo wa shemeji ulitoka milimani, Mbulu, na wazee wao wa kijiji cha Mutuka bado walishika kwamba mama aliyefiwa na mtoto hukaa kando kwa miezi kadhaa. Haingii nyumba za watu, na watu hawaingii kwake. Hapewi moto wala haombwi moto. Katekista alikuja kusali, akasema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini hata yeye aliishia mlangoni. Majirani wetu wengi walikuwa watu wa huko huko. Walitupungia mkono kutoka barabarani, wakawashika watoto wao wasije. Binti wa jirani nilimwona mara nyingi kwenye uzio wa mibaazi, akiwa amesimama. Mama yake akiita, anakimbia.

Kwa kuwa viberiti vilikuwa adimu na moto hauombwi, dada alilinda kaa la jikoni kama mtu anayelea. Alipika maharage, akatia chumvi kwa kijiko chake kidogo kilichovunjika mpini, akakaa. Kitu kimoja zaidi kilichokosekana sikukitambua upesi. Hapakuwa tena na aliyemwita kwa jina. Mtaani kote alijulikana kwa jina la mtoto, Mama Fulani, na sasa waliompungia mkono walisema tu, "Habari za hapo."

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, dada alitoka na ungo, akaanza kuingiza vitofali ndani.

"Hivi vibichi vikinyeshewa vinarudi tope," alisema. "Vitafutie mahali, mdogo wangu."

Nilishukuru kupata kazi. Nilichukua debe la mafuta lililotoboka, nikalipasua kwa urefu, nikakunja kingo zisikate. Nikatengeneza vyumba ndani kwa vijiti vya mibaazi nilivyovifunga kwa katani, nikatandika maganda makavu ya mgomba, na juu nikaweka kipande cha gunia. Mpaka hapo sikukwama. Nilikwama kwenye kupanga. Ukitenganisha vilivyochomwa na vibichi, basi vile vilivyoiva upande mmoja vinakwenda wapi? Ukitenganisha vizima na nusu, vipo walivyovikata watoto makusudi kwa ajili ya pembe, na vipo vilivyovunjika vyenyewe, na vikishakauka havitofautiani. Nikavitoa vyote. Nikavirudisha. Nikavitoa tena.

"Unapanga au unafanya mtihani?" dada aliuliza kutoka jikoni.

"Nafikiria kwanza."

"Fikiria, msomi. Masika yataisha ukiwa unafikiria, tutavipanga mwakani."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba. Ndipo akaja, akapiga magoti karibu yangu, akaokota kimoja, akakigeuza. Upande wa chini palikuwa na kishimo, mahali gumba liliposukuma. Udongo wetu wa Bagara ni laini, unashika kila kitu. Mistari ya ngozi ilikuwa imo, midogo, imejipinda.

Dada alitia gumba lake. Halikuenea. Akakigeuzia mwangani, akakitazama mpaka nikaangalia kando.

"Viweke hivi," alisema. "Vyote. Kidole kiwe juu."

Swali langu likaisha. Tulivipanga vyote kishimo juu, na kuanzia siku ile dada alikuwa na mahali pa kukaa. Akimaliza kazi anafunua gunia, anachukua kimoja, anaweka gumba kwenye kishimo kile na kutulia hivyo, midomo ikicheza kidogo. Mvua ilikuja, ikapiga bati, ikapitisha maji upenuni pale vilipokuwa mwanzo. Ndani ya debe palibaki pakavu. Nami nikaanza kuogopa kitu kipya: kwamba siku moja atavishika mpaka ile mistari ifutike. Nilitafuta namna ya kumwambia avishike kidogo kidogo. Sikuipata, na nadhani hata sasa sina.

Masika yakapita, miezi ikatimia. Mama mkwe wa dada akaja kutoka Mutuka kwa miguu. Akamnyoa, akazoa majivu yote ya jikoni akayatupa mbali, akaagiza makaa mapya kutoka kwa jirani. Magauni na sweta akavifunga kwenye kitambaa vikagawiwe.

"Na hilo debe?" aliuliza.

"Hilo liache, mama," dada alisema.

Bibi akalitazama debe, akamtazama mkwewe. "Ni udongo tu, mwanangu," akasema kwa upole, na hakuligusa.

Baada ya bibi kuondoka, mgeni wa kwanza alikuwa binti wa jirani. Alikuja mbio, akasimama ghafla mlangoni kama aliyegonga kamba. Dada alikuwa amekaa na debe mbele yake.

"Shikamoo," akasema, kisha akamwita dada kwa jina lile la mtoto, kama zamani, sauti ya kawaida kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimefuata droo yetu ya kiberiti. Mama alinichapa. Anasema njiti zinamwagika kila siku, nisipoileta nitachapwa tena."

Nilicheka. Nikaenda kuitafuta droo juu ya kabati. Nyuma yangu nikasikia akisogea kwenye debe.

"Haa! Mbona mmevilaza kichwa chini?"

"Vipi kichwa chini?" dada aliuliza.

"Huku kwenye gumba ndiko chini. Ukijenga na gumba juu, nyumba inacheza." Akaokota kimoja, akatia gumba lake kwenye kishimo. Lilienea. "Si unaona? Gumba langu hili. Yeye alisema langu ndilo nene, kwa hiyo mimi ndiye wa kutoa."

Nilikuwa nimesimama na droo mkononi. Nilifikiri nimwite nje nimpe miwa. Nilifikiri niseme labda siyo vyote, labda mlikuwa mnapokezana. Kila sentensi niliyoipanga ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, na mtoto alikuwa ameshaweka gumba kwenye cha pili, na cha tatu, akifurahi kila mara.

Dada hakuondoa macho kwenye kile kidole.

"Na yeye?" aliuliza. "Yeye alikuwa anafanya nini?"

"Anasawazisha. Huku juu. Mimi nikigusa ananikataza, anasema nachafua." Akakigeuza kitofali amwonyeshe. Upande ule ulikuwa laini, hauna kitu, ila mkwaruzo mwembamba uliokatisha kutoka kona hadi kona. "Kwa kijiko chako kile cha chumvi. Halafu anakiosha haraka usijue."

Dada alinyanyuka, akaenda jikoni. Alirudi na kile kijiko kilichovunjika mpini, kijiko alichokishika kila siku miezi yote ile. Akakilaza juu ya kitofali, akakiburuta polepole juu ya mkwaruzo, kona hadi kona. Akafanya hivyo tena kwenye kingine. Machozi yalimtoka bila sauti, na mtoto akanitazama mimi, akiwa hajui kama amekosea.

"Hujakosea," dada alimwambia. "Chukua vya kwako."

"Vya kwangu vipi? Tulifyatua vyote."

Dada akasogea kidogo, akampisha mtoto nafasi sakafuni, na wote wawili wakaanza kuvigeuza, kimoja kimoja, gumba chini. Nami nikakaa nikawasaidia. Mtoto alipoitwa kwao alichukua droo yake, na vitofali akaviacha.

Dada alilaza kijiko juu ya vile vitofali, akafunika gunia. Jioni ile mboga aliitia chumvi kwa vidole.