Upande wa Pili Ulikuwa wa Kwaya

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, likizo ya Agosti, saa ambayo redio ya kwetu haikuruhusiwa hata kuguswa. Nyinyi mliokulia miaka ya kanda mnajua. Redio ilikuwa ya Baba, na betri zilikuwa za taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Zikichoka tulizianika juani pamoja na maharagwe, zikapata nguvu kidogo, na mtoto aliyezichezea akapata mwiko. Sisi tulikuwa na mambo yetu: kati ya kukwepa mpira, bladda ya kuruka kamba ya mpira, na kuteleza kwenye matope ya mfereji tukikalia magome ya migomba. Kwetu Mitunguu ni joto na maji ya kunyunyizia mashamba. Tulirudi nyumbani tumelowa kama vyura, tukagombania ukoko wa ndizi za kuponda za jana yake, na hakuna aliyeuliza kuna nini kingine.

Jumamosi hiyo Baba alikuwa ameenda kuuza ndizi, Mama yuko shambani. Kaka yangu Mwenda, aliyesoma shule ya bweni huko juu kwenye baridi, akatoa kanda mfukoni. Haikuwa na kasha lake. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa jasho la mikono mingi.

"Hii ni albamu nzima," akasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba yai. "Vijana wanne wa ng'ambo na magitaa yao. Hii haichezwi, Kagendo. Inasikizwa."

Alikuwa ameirudisha mwanzo kwa kuizungusha kwenye kalamu ya biro, ili asimalize betri.

Sasa mimi nilikuwa Kidato cha Pili, msichana wa kuandika kuliko kusema. "Huyu wangu hata kuku anaweza kumnyamazisha," Mama alizoea kuwaambia wageni. Mwalimu akiniuliza swali, nilijibu viatu vyangu. Muziki niliojua ulikuwa wa kanisani na wa harusi, watu wanaimba huku wanatabasamu. Huu ulianza na mvumo tu, kama mvua unayoisikia ikitembea juu ya mabati ya watu wa ng'ambo ya mto kabla haijakufikia. Halafu gitaa moja. Halafu ikafika. Niliweka mkono juu ya redio, nikaikuta inatetemeka kama ubavu wa ng'ombe. Na katikati ya kelele hizo zote kulikuwa na kijana anayeimba kama anaongea na viatu vyake. Kiingereza chake nilishika nusu, lakini yeye nilimjua. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu mwenye haya anaweza kuwa na kishindo kikubwa namna ile ndani yake, na wenzake wakamshikia ngoma mpaka akakitoa chote. Malaika ya mikono yalinisimama. Upande wa kwanza ukaisha na kitufe kikaruka, tap.

Hatukugeuza. Mama alikuwa mlangoni, jembe begani.

"Mwenda. Nimefua nguo zako zote. Sweta ya shule iko wapi?"

"Nilibadilisha, Mama."

"Na nini?"

Mwenda akaangalia redio. "Na muziki."

"Sawa. Baridi ikikuja, vaa muziki."

Nilitaka kucheka lakini sikuthubutu, maana niliona macho ya Mama yameenda kwenye kanda. Mama alikuwa mwalimu wa kwaya. Alirekodi mazoezi, kisha akawachezea waimbaji makosa yao wayasikie wenyewe. Unaweza kubishana na mwalimu, lakini kanda utaiambia nini? Sasa kanda yake ilikuwa imetafunwa na redio wiki ile, kanda tupu zinauzwa mjini tu, na mazoezi yalikuwa jioni hiyo.

"Hiyo sweta itaimba nyimbo za Mungu," akasema.

"Mama, hii hairekodi! Ni ya dukani, imevunjwa vile vijino vya nyuma."

"Nilikuwa narekodi kabla wewe hujajua kupenga kamasi. Karatasi inatafunwa, tundu linazibwa."

Na ni kweli, ndivyo tulivyofanya sote. Ukiziba tundu kwa karatasi iliyotafunwa, kanda ya dukani inafutika kama nyingine yoyote. Mama akarudisha kanda mwanzo, akararua kipande cha kalenda, akanipa mimi. "Tafuna."

Nikakiweka mdomoni. Nikakitoa.

"Mama, sikiza kwanza."

Mwenda alinigeukia kama amesikia paka akisalimia. Mama aliketi polepole kwenye kiti cha Baba, akavuta ungo wa maharagwe, akaanza kuambua. Nikabonyeza kitufe. Mvua ikaja juu ya mabati.

"Huyu kijana amekosewa na nani?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama."

"Hana mtu wa kumpikia uji?"

Kisha maharagwe yakaacha kuanguka. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele, kama anavyofanya akimtafuta anayeharibu sauti ya nne. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, hakuzima.

"Hiyo sauti ya chini ni safi," akasema mwishowe. "Hawa wamefanya mazoezi. Mtu wa mazoezi hafutwi hivi hivi." Akatikisa ungo. "Upande huu wenu. Ule mwingine wa kwaya. Tafuna, mwari."

Nikatafuna, na nyimbo nisizowahi kuzisikia zikawa kwenye ulimi wangu na ladha ya wino.

Jioni, Mama aliporudi na redio kutoka mazoezini, kabla ya ugali, akaiwasha asikie makosa. Wimbo wa mwisho wa wale vijana ukamalizika, akageuza kanda, kukaja kikohozi cha mtu, pumzi za watu wengi, kisha yeye. Sauti ile iliniita kuchota maji kila siku ya maisha yangu, na sikuwa nimeisikia kamwe. Malaika yalisimama vilevile.

Siku hizi mpwa wangu ana nyimbo za dunia nzima kwenye simu, na hana hata mmoja aliowahi kuumaliza. Anauruka kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Mwaka jana simu yake ilisikiliza kanda yangu kidogo tu, ikataja jina la bendi, akanichezea albamu yote. Hatimaye nikasikia upande wa pili. Ni mzuri, siwezi kudanganya. Lakini kila wimbo ulipoanza nilikuwa nangoja kile kikohozi, na Mama aingie. Mama yupo bado, ila sauti ilienda na meno. Sasa anaimba kwa kidole, akigonga meza.

Basi kesho yake ya mazoezi yale, asubuhi ya Jumapili, Mama akiwa anatafuta kitambaa chake cha kanisani, nilichukua pini, nikachomoa karatasi yangu kwenye tundu, nikaitupa jikoni motoni, mtu asije akaifuta kanda tena.