Aliyemwosha Marehemu Hakuandika Pole

Juzi, kwenye foleni ya tiketi za boti bandarini Mkoani, mbele yangu alisimama binti aliyefiwa na mama yake wiki iliyopita. Matanga yamekwisha, anarudi kazini Unguja. Bi mmoja, jirani yao, alikuja kumsindikiza na kikapu cha matunda ya shokishoki.

"Bi, nna dukuduku," binti alisema, macho kwenye simu. "Kwenye grupu la msiba watu wote wameandika pole, hata walioko Maskati. Wewe sikukuona."

Bi alitua kikapu chini. "Mwanangu, mamako nimemwosha kwa mikono hii. Na wewe ulilia kifuani pangu."

"Najua, Bi. Lakini hukuandika."

Damu ilinichemka. Tumefika pahala mkono uliomtia marehemu maji ya mwisho si kitu mpaka uguse kioo cha simu! Kisichoandikwa siku hizi hakikutokea, na aliyekuwepo hakuwepo.

Nilifungua mdomo nimseme yule binti. Bi akaniwahi, akanipa simu yake. "Niandikie, babaangu, yaishe."

Nikaandika pole kwa hasira, nikatuma.

Simu ya binti ikalia. Akasoma, chozi likamdondoka, akaandika mbiombio: "Ahsante sana Bi, Mungu akulipe." Kisha akachukua kikapu, akaingia mlango wa abiria huku bado anasoma.

Bi alikuwa kanyoosha mkono wa kuagana. Alibaki nao hewani.