Migomba ya Shangazi Ukingoni mwa Msitu

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alilima migomba ukingoni mwa msitu wa magorila, milimani juu ya Bukavu. Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mwalimu mpya huko Ibanda, na kila likizo nilipanda kwake kumsaidia kuvuna maharagwe.

Asubuhi moja tulisikia migomba ikivunjika. Familia nzima ya magorila ilikuwa shambani. Ndizi hawakuzigusa, walipasua mashina, wakala moyo laini wa ndani, wakahamia mgomba mwingine. Mimi niliganda mlangoni. Majirani wakaja mbio na mikuki na mbwa.

Shangazi akawazuia njiani, mikono ameitanua.

"Mufunge imbwa! Mukichoma mutoto wa gorila, baba yake atatumaliza hapa."

"Lakini maman, shamba yako inaisha!" jirani mmoja akasema.

"Iko yangu. Muache iishe."

Dume mkubwa mwenye mgongo mweupe akasimama, akapiga kifua. Shangazi akachuchumaa na kuinamisha macho, kama mlinzi wa parki, hifadhi ya magorila, alivyokuwa ametufundisha. Sote tukamwiga. Dume akatutazama muda ambao sijui kuupima, kisha akageuka, na jamaa yake yote ikamfuata msituni.

Ndipo shangazi alipoketi kati ya mashina yaliyopasuka, akalia. Migomba ile ndiyo iliyonisomesha.

Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya watu nje ya kanisa.

"Sisi njo tunawaita gorila," alisema. "Tunapanda chakula yao mu mulango yao. Huku juu tupande chai. Gorila hawakule chai."

Mzee mmoja aliyependa pombe ya ndizi akacheka. "Na kasiksi tutakunywa ya wapi?"

"Migomba ya pombe tutapanda chini, karibu na nyumba."

Hakuna aliyekubali. Kesho yake akaanza peke yake kung'oa migomba iliyobaki na kupanda chai. Nami nikashika jembe. Muda mrefu hakuwa na kasiksi ya kumkaribishia mgeni, akatoa maji bila kuona haya.

Majirani walipoona magorila wakifika kwenye chai yake, wakinusa na kurudi, walianza kuja mmoja mmoja kuomba miche. Baadaye walimwalika mlinzi kwenye mikutano yao, wakamwonyesha mitego ya wanyama iliyokuwa msituni, na wengine walikiri kwamba ni yao.

Yule mzee aliyecheka alikuja wa nne. Shangazi alimchagulia miche iliyo bora.